Kompyuta Imefungwa, Masomo Yaingie Vipi?

Kompyuta za vituo vya vijana Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, mara nyingi ni za kupewa. Zilitumikia ofisi ya watu miaka kadhaa kabla ya kufika Gatwekera kule Kibera au steji ya 46 kule Kawangware, na zimekuja na ulinzi wa huko zilikotoka. Akaunti ya msimamizi ina nywila ambayo mwalimu hana. Ngome, ile programu inayochuja mawasiliano ya mtandao, imekazwa. Pengine kuna hata programu ya kugandisha diski, inayofuta kila kilichoongezwa mara mashine inapowashwa upya. Mwalimu anataka tu kusakinisha programu ya mafunzo, na kila akibofya anadaiwa nywila.

Fundi wa mtaani ana jibu la haraka: awashe mashine kwa flashi, abadilishe nywila, mambo yaishe. Kwa diski iliyosimbwa kwa BitLocker ujanja huo haufui dafu, na kwa mashine isiyo yako ni kujitia kwenye mikono ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, inayoharamisha kuingia katika mfumo bila idhini. Mimi kinachonikera zaidi ni hesabu yake mbovu. Ukivunja kufuli la mashine ishirini ili somo liingie, umefungulia virusi mashine ishirini. Afadhali upunguze zinazohitaji kufunguliwa mpaka ibaki moja.

Kwa hilo Kolibri inafaa sana. Ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la California, ikairithi KA Lite, programu ya awali ya shirika hilo ya 2012. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, inakuwa seva. Nyingine zinaifungua kwa kivinjari ambacho tayari zinacho, kupitia waya au Wi-Fi ya chumbani, bila bando. Masomo yanaletwa kwa diski ya nje, na maelezo ya kwenye skrini yapo kwa Kiswahili. Tunapanda Institute ya Kibera ilitumia fikra kama hiyo kwa upana wa mtaa ilipojenga TunapandaNET: masomo yanakaa kwenye seva ya karibu, shule na vituo vinayafikia bila waya.

Kwa hiyo mwenye nywila haombwi nywila. Anaombwa aje mwenyewe, akae kwenye mashine hiyo moja, na mwalimu awe na orodha ya anachotaka mkononi.

Faili la kusakinisha ndilo la kwanza kukaguliwa. Windows huliwekea faili lililopakuliwa alama ya siri kwamba limetoka mtandaoni, na ndiyo inayofanya onyo litokee ukilifungua. Alama hiyo inahifadhika tu kwenye diski za mfumo wa NTFS. Flashi zetu nyingi ni FAT32 au exFAT, hivyo faili likipita humo linatua upande wa pili bila alama, na onyo halitokei. Watu husema flashi "imesaidia". Imeondoa mlinzi tu. Sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, kwa bahati, imo ndani ya faili lenyewe na haipotei njiani. Fungua sifa za faili uitazame kabla ya kubofya.

Kisha ngome, na hapa ndipo jioni nzima huteketea. Programu ikianza kusikiliza mtandao kwa mara ya kwanza, Windows huuliza kama iruhusiwe. Asiye msimamizi hughairi ili aendelee na kazi. Anachodhani ni "baadaye" Windows inakiandika kuwa kanuni ya kuzuia. Siku msimamizi akija na kuongeza kanuni ya kuruhusu poti 8080, ambayo Kolibri huitumia, bado kompyuta za wanafunzi hazioni kitu, kwa sababu kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Mtu anabadilisha nyaya, anazima ruta, analaumu Kolibri. Dawa ni kufungua orodha ya kanuni za mawasiliano yanayoingia, kufuta ile ya kuzuia, halafu kuruhusu kwa mtandao wa faragha pekee. Na hakikisha Wi-Fi ya chumba haijasajiliwa kama mtandao wa umma, la sivyo ruhusa hiyo haitumiki.

Kuna Deep Freeze pia, ile programu ya kugandisha diski mnayoijua kutoka kwenye saiba. Kolibri kwa kawaida huweka majina, alama na masomo kwenye folda ya mtumiaji, diski C. Diski hiyo ikiwa imegandishwa, kila kitu kitakwenda vizuri mpaka jioni, na asubuhi hakuna mwanafunzi hata mmoja kwenye orodha. Stima ikipotea ghafla mchana, matokeo ni yayo hayo. Msimamizi aiyeyushe mashine kwanza, asakinishe, kisha aelekeze kigezo cha KOLIBRI_HOME kwenye diski isiyogandishwa, ndipo aigandishe tena.

Si kila somo linakaa kwenye kivinjari kwa raha. Mwaka 2009 mradi wa Map Kibera uliwafundisha vijana wa mtaa kukusanya alama kwa GPS na kuzichora kwa kihariri cha JOSM kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambako Kibera ilikuwa karibu patupu. JOSM inaweza kuendeshwa kama faili moja la Java: Java ikiwepo, inafunguka kutoka folda yoyote bila kusakinishwa. Hata kanuni zinazoruhusu programu za folda rasmi pekee huipitisha, maana zinachokiona ni Java. Msimamizi anayelijua tundu hilo huikataa Java kabisa. Hapo mwalimu wa ramani anabaki na iD, kihariri cha OpenStreetMap cha mwaka 2013 kinachofunguka ndani ya kivinjari, na bili ya bando, kwa kuwa iD haiendi bila intaneti.