Wanaotuvusha Likoni

Sisi wa Shika Adabu, huku Likoni, tukisema twenda mjini, maana yake twavuka feri. Wengi wetu tukishaingia hutafuta mahali pa kusimama, simu mkononi, hadi ng'ambo. Mimi hukitazama kile chumba cha juu alimo nahodha. Katika kazi zote za Mombasa, hiyo ndiyo ninayoistahi zaidi.

Maji yale tunayoyaita bahari yamelala juu ya bonde la mito. Zamani sana, bahari ilipokuwa imeshuka mno kuliko leo, mito ya bara ilichimba njia katikati ya miamba ya matumbawe. Bahari ikapanda, bonde likazama. Hadi leo Mto Mwache unamwaga maji yake huko nyuma, upande wa Port Reitz. Bandari ya Kilindini ilipata kina chake hivyo, na kwa kina hicho gati za meli kubwa zikajengwa katika miaka ya 1920. Lakini maji yanayojaza eneo lote hilo hupitia mkono mwembamba wa Likoni, upana wake takriban nusu kilomita, na siku za bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Sasa mtazame nahodha maji yanapokupwa. Mkondo unavuta kuelekea baharini, naye haielekezi feri moja kwa moja kule anakokwenda. Anaikabili bandari kidogo, chombo kinakwenda upande, na mkondo wenyewe unakirudisha hadi kikafika sawasawa penye saruji. Maji yakijaa, hesabu inageuka. Siku ya maji mafu ana machache ya kusahihisha. Akifika hafungi kamba: mlango wa chuma unateremshwa, injini zinaendelea kusukuma, na chombo kinatulia hapo huku malori, mikokoteni na maelfu ya miguu yakishuka. Uzito unabadilika kila sekunde chini yake, naye anaongeza na kupunguza nguvu bila sisi kuhisi. Kutohisi kwetu ndiko ufundi wake.

Na njia hiyo si yake peke yake. Kila meli ya mizigo iingiayo Kilindini hukata mbele ya feri, na meli ya aina hiyo haisimami kwa kutakiwa. Nahodha husikiliza redio ya bandari, hupima mwendo, husubiri. Abiria hulalamika. Mimi naona kusubiri huko ni sehemu ngumu kuliko kushika usukani, pamoja na kukataa kuondoka chombo kikijaa kupita kiasi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya kivuko jirani cha Mtongwe, iliyobeba watu kuliko uwezo wake, ilipinduka karibu na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Huku kwetu Likoni tarehe hiyo haihitaji kuelezwa.

Huduma ya feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Majina ya vyombo twayajua kwa moyo: Nyayo, Harambee, Kilindini, kisha Kwale na Likoni mwaka 2010, na Jambo kutoka Uturuki mwaka 2017. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia nyingine, lakini mwenda kwa miguu bado ni wa feri. Natamani majina ya waliovishika vyombo hivyo yaandikwe ukutani pale tunapopanga foleni, tuyasome tukingoja zamu yetu.