Kwenda Joshi

Wapo wanaoliita jahazi chombo kilichopitwa na wakati kwa kuwa haliwezi kuukaribia upepo. Hesabu yao ni sahihi. Mashua za mashindano za Ulaya, zenye mkuku unaozama kina kirefu, hubisha, yaani huupanda upepo kwa kukata huku na huku, kwa nyuzi 45 au pungufu kutoka upepo unakotoka. Jahazi lenye shehena likipata nyuzi 60 limejitahidi. Kwa hiyo penye maili 10 dhidi ya upepo, mashua ile itakwenda maili 14 na jahazi 20, bila kuhesabu linavyosukumwa demani, upande upepo unakoelekea. Lakini jahazi liliundwa lilale mchangani maji yakipwa, lipakue boriti pasipo gati. Ukilitia mkuku wa kina umelifungia bandari zake. Nyuzi zilizokosekana zilipaswa kuzibwa na binadamu, na hapo ndipo ulipozaliwa ustadi wa mabaharia wetu.

Mtazame nahodha anapokwenda joshi, upande upepo unakotoka. Jicho lake liko kwenye ukingo wa mbele wa tanga, chini ya foromali, mti unaobeba tanga. Ukingo ukianza kutetemeka, amepanda kupita kiasi: mwendo unakufa, na chombo kisicho na mwendo hakishiki maji, kinateleza ubavu. Akishuka, tanga linajaa, povu linaruka omo, wote wanafurahi, ila wanakokwenda hakusogei. Baina ya hayo mawili pana upenyo mwembamba, nao hubadilika kwa kila wimbi, kwa hiyo mkono hautulii kwenye msukani hata kidogo. Lamu, mabaharia huongeza uzito wao wenyewe: hutoka nje juu ya mtengo, ubao uliochomoza upande wa upepo, mashua isilale.

Itasemwa kuwa wazee walingoja misimu tu, kaskazi iwalete, kusi iwarudishe. Ndivyo zilivyokuwa safari za Arabuni. Mvuvi hana miezi ya kungoja. Lazima arudi jioni hiyohiyo, upepo uwe popote.

Mashine nayo ina haki yake, na kwa mgonjwa anayewahishwa hospitali ni neema. Linalosikitisha ni kuiwasha kila upepo unapokaa mbele, hata kijana akabaki anajua kufuata upepo tu. Petroli ikimwishia demani ya kisiwa chao, tanga analo, njia hana. Manahodha wanaojua kubisha wangali hai. Mwenye mashua na amkalishe mwanawe kando yao, ampe msukani siku ya kusi kali, na mashine ibaki nyumbani.