Lugha ya matangazo ya nta za magari inavyompunja mnunuzi

KIHUSISHI kimoja kidogo kinaweza kumgharimu mwenye gari maelfu ya shilingi. Ninachokikusudia ni ‘hadi’, na siku hizi nakikuta sana kwenye vibandiko vya chupa za nta na mabango ya waosha magari wa bara ya Mombasa: Likoni, Changamwe na Magongo, kisha ng’ambo ya daraja la Nyali, Bombolulu na Mlaleo kule Kisauni. Bidhaa za kung’arisha na kukinga rangi ya gari zimekuwa nyingi, na ahadi zake zimekuwa nyingi zaidi. Ati rangi haitapauka, gari halitakwaruzika, na mng’ao utadumu ‘hadi miaka 5’.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sitaki kuitumia methali hii kuzihukumu bidhaa zote, maana zipo zinazofaa. Ninachohakiki hapa ni lugha yake. Tangazo ni matini kama matini nyingine, na lina haki ya kusomwa kwa makini yaleyale tunayoyasomea shairi.

Tuanze kwa kukiri kwamba haja ya kukinga rangi ipo. Gari la Pwani lina maadui wengi. Kuna jua kali, kuna chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, na kuna vumbi la malori ya makontena barabara ya Changamwe. Halafu kuna kunguru wetu, ambao kinyesi chao kikikaukia kwenye boneti huacha kovu. Hata maji ya kuoshea mara nyingi ni ya kisima, ya chumvichumvi, na yakikauka juani huacha madoa meupe. Isitoshe, magari yetu mengi huteremshwa Kilindini yakiwa yameshatumika Japani, na sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Kwa hivyo rangi yenyewe hutufikia ikiwa imeshaona mengi. Mwenye teksi anayetafuta kinga hatafuti fahari. Anachunga mtaji wake.

Mushkili wa kwanza ni neno ‘polishi’. Ukimfikia kijana wa kuosha magari, atakwambia: “Mzee, nikupigie polishi ya kawaida ama nikuwekee seramiki kabisa?” Muulize: “Mwanangu, hiyo polishi yako inakwangua ama inapaka?” Aghalabu atacheka: “Mzee, zote ni za kung’arisha tu!” Hapo ndipo pana kasoro, kwa sababu kitenzi ‘kung’arisha’ kinataja matokeo bila kutaja njia. Mambo matatu tofauti yamefichwa ndani yake.

La kwanza ni kukwangua. Polishi halisi ina chembechembe ngumu zinazosugua na kuondoa sehemu ya lile tabaka angavu la juu ambalo mafundi huliita ‘klia’. Tabaka hilo kwa kawaida lina unene wa kati ya mikroni 40 na 60, ilhali karatasi ya kuandikia ina takriban mikroni 100. Kila ukikwangua unapunguza akiba isiyorudi. La pili ni kusitiri. Zipo bidhaa zenye mafuta yanayojaza mikwaruzo isionekane, na gari likioshwa mara chache kwa sabuni, mikwaruzo ileile hujitokeza tena. La tatu ni kukinga, yaani kupaka utando juu ya klia ili jua, chumvi na kinyesi vikutane na utando kwanza.

Kiswahili kina vitenzi vyote vitatu, tena vya siku nyingi. Kila Mswahili anajua kwamba aliyesitiriwa hajatibiwa. Lakini bango limevifuta vyote na kutuachia ‘kung’arisha’, na mnunuzi anayeagiza ‘polishi’ kila mwezi akidhani anaikinga rangi huenda anailipia imalizike upesi.

Mushkili wa pili ndio huo wa ‘hadi’. Matangazo mengi ya bidhaa hizi hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na katika Kiingereza cha biashara kauli inayofasiriwa ‘hadi miaka 5’ inaweka dari tu. Muda hautapita hapo, lakini unaweza kuishia popote chini yake, hata mwezi wa 3. Kampuni haijasema uongo. Ila katika Kiswahili ‘hadi’, kama ilivyo ‘mpaka’, kwa kawaida huonyesha kikomo kilichofikiwa. Nikisema ‘nilifanya kazi hadi saa kumi’, hakuna anayedhani niliondoka saa tano asubuhi. Nikisema ‘basi linakwenda hadi Mtongwe’, abiria akishushwa njiani ana haki ya kudai nauli yake.

Kwa hivyo, msomaji wa Kiswahili akiona ‘inadumu hadi miaka 5’, anasoma kwamba miaka 5 itatimia. Kauli iliyokuwa tahadhari katika lugha ya kwanza imegeuka ahadi katika lugha ya pili. Tafsiri ya haki ingekuwa ‘muda wake hauzidi miaka 5’, au ‘huenda ikadumu miaka 5 ikitunzwa vizuri’. Natambua kuwa ‘hadi’ ya dari imeanza kuzoeleka, hasa kwenye habari za punguzo la bei. Lakini mazoea ya muuzaji hayatoshi kumfunga mnunuzi ambaye lugha yake inamwambia jambo jingine.

Ukweli wa bidhaa zenyewe si siri. Nta ya kanauba hutokana na majani ya aina ya mnazi-pori unaoota Brazili. Inang’aa vizuri, lakini kwenye joto kali hukaa majuma machache au miezi michache tu. Silanti za polima, ambazo hutengenezwa kiwandani, hukaa miezi kadhaa. Mipako ya seramiki iliyopakwa na fundi juu ya rangi iliyoandaliwa sawasawa inaweza kupita mwaka. Lakini gari linalolala nje Likoni na kuoshwa kwa maji ya kisima halilingani na gari linalolala gereji, hata kama yamepakwa chupa moja.

Tatu ni istilahi zinazoazima heshima. Chukua hiyo ‘seramiki’. Kiswahili chetu kina neno ‘kauri’, linalotaja simbi inayong’aa ya baharini na pia vyombo vilivyochomwa tanuruni, mfano wa sahani na vikombe. Mnunuzi anayeambiwa gari lake litavikwa kauri huona sahani akilini. Kilichomo chupani ni kiowevu chenye misombo ya silika, ambacho kikikauka huacha utando mwembamba kuliko klia yenyewe. Kuna chupa za kupuliza ambazo silika yake ni kidogo tu, na bado neno ni lilelile, kubwa, katikati ya kibandiko.

Kisha huja tarakimu ‘9H’, na muuzaji huongeza kwamba huo ni ugumu unaokaribia almasi. Hapa mizani mbili zimechanganywa. Mizani ya madini aliyoiunda Friedrich Mohs mwaka 1812 huipa almasi 10. Lakini herufi H ya chupani ni ya mizani ya penseli, ukoo mmoja na ile HB ambayo kila mtoto wa shule anaijua. 9H maana yake ni kwamba penseli ngumu ya daraja hilo haikuuchuna utando. Mchanga wetu wa pwani una chembe za kwazi, ambazo kwa Mohs ni 7, na ni ngumu kuliko penseli yoyote. Kitambaa chenye mchanga kitakwaruza hiyo 9H, wallahi.

Hata lile onyesho la maji kujiviringisha mfano wa lulu lisomwe kwa uangalifu. Maji hujiviringisha kwenye jani la magimbi pia, lakini jani hilo halijawahi kuzuia msumari. Onyesho linathibitisha kuwa uso unayakataa maji, basi.

Kwa nini mwanaisimu ajishughulishe na nta? Kwa sababu sisi walimu tuna deni. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, wanafunzi hujibu maswali ya isimujamii, na sajili ya biashara ni mojawapo. Wengi wanaweza kuorodhesha sifa zake: hutumia chuku, hutumia lugha ya ushawishi, hurudiarudia. Wanapata alama, kisha wanakwenda sokoni Kongowea na kununua ile chuku. Tumewafunza kuitaja chuku bila kuwafunza kuipima. Ningependa mwalimu alete chupa darasani na kuuliza: Katika sentensi hii, ni nani anaahidi? Anaahidi nini? Kwa masharti gani? Neno gani likibadilishwa, ahadi inaanguka?

Sheria nayo haiko kimya. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ilipitishwa mwaka 2012. Na Kiswahili, kwa Ibara ya 7, ni lugha rasmi. Nikiziweka pamoja ibara hizi mbili, naona kwamba habari iliyo kweli katika Kiingereza na potofu katika Kiswahili haijamfikia Mkenya. Mtafsiri wa kibandiko anabeba dhima ya kisheria, si ya ufasaha tu.

Kwa hivyo, ukisimama mbele ya rafu ya chupa, acha kuuliza ipi ‘bora’. Bora kuliko nini? Uliza maswali matatu kwa Kiswahili chako cha kawaida. Hii inakwangua, inasitiri ama inakinga? Itadumu muda gani kwa gari linaloanikwa juani kutwa? Na ikiisha kabla ya muda huo, nani ananirudishia pesa yangu? Muuzaji akijibu la tatu kwa maandishi na kutia sahihi, hiyo ‘hadi’ yake ina maana. Akianza kukuonyesha matone ya maji tena, shika njia.