Akiba Ndani ya Mshono

Dar es Salaam mwanamume huvaa koti kwa ajili ya shughuli. Arusha hulivaa hata kwa ajili ya baridi. Mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai, wingu likiukalia Mlima Meru kutwa nzima, koti la suti halihitaji kisingizio. Shughuli nazo haziishi. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kuna mikutano kwenye kituo cha AICC, kuna kipaimara, sendofu na harusi, na kuna Desemba, mwezi ambao mtu hataki kuonekana nyumbani na nguo za mwaka jana. Kwa hiyo kwenye baraza za maduka ya vitambaa, karibu na Soko Kuu, cherehani hazipati usingizi.

Kazi ya fundi suti huanza kwa macho kabla ya futi. Mteja anapopanda baraza, fundi keshamsoma: bega la kulia limeshuka, tumbo limetangulia, mgongo umeanza kupinda. Hasemi kitu. Humuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mahindi ya Ngaramtoni, maana mtu akijua anapimwa hujikakamua, akabana tumbo na kuvuta mabega nyuma. Suti ikishonwa kwa mwili ule wa dakika mbili, itamkaba miaka yote. Fundi humngoja apumue, ndipo futi izunguke: mabega, kifua, kiuno, mkono, urefu; kisha makalio, paja, goti na mguu. Akifika tumboni, kitambi hakitajwi. "Mzee wangu, hapa tutaliacha lipumue kidogo," anasema, na mzee anaitikia kwa heshima ile ile aliyopewa. Namba huandikwa daftarini kwa inchi, na kipande kidogo cha kitambaa hubanwa pembeni. Daftari hilo linajua nani kanenepa tangu apandishwe cheo na nani kakonda ghafla, wala halisomwi kwa sauti.

Chaki ikishapita, mkasi hauna msamaha. Kama kitambaa kina mistari, mstari wa mfuko lazima ukutane na mstari wa koti. Vipande hushikizwa kwanza kwa bandi, mishono mirefu ya mkono itakayofumuliwa baadaye, na mteja huitwa kujaribu koti ambalo bado halina mikono wala vifungo. Mkono wenyewe ndio mtihani mkubwa. Sehemu yake ya juu hukatwa kwa makusudi iwe kubwa kuliko tundu la kwapa linaloipokea, ili bega lipate nafasi ya kuzunguka. Ziada hiyo huingizwa kidogo kidogo mpaka ilale pasipo rinda hata moja. Anayevaa haioni kazi hiyo. Huihisi tu siku anaponyoosha mkono kushika bomba la daladala na koti zima lisipande naye.

Kisha pasi. Sufu ikipata joto na unyevu husinyaa au hutanuka inavyoelekezwa, hivyo fundi anayeshona sufu anaweza kurekebisha mengi juu ya meza. Tetroni na jamaa zake ni kaidi; hazirudi wala haziongezeki. Wateja wengi wa Arusha huleta vitambaa vya aina hiyo, maana ndivyo mifuko yao inavyovimudu. Fundi wao basi lazima amalize kwenye mkasi kile ambacho mwenzake wa sufu hukimalizia kwenye pasi. Tunapomsifu fundi kwa ubora wa kitambaa tunamsahau huyu, aliyetoa koti la heshima katika kitambaa kisichosikia.

Mitindo nayo hupita mbele yake. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipitishwa hapa hapa mjini, na katika miaka iliyofuata suti isiyo na tai ikawa vazi la uongozi. Januari 1969 Operesheni Vijana ya TANU Youth League ikazipiga marufuku suruali za kubana. Baadaye bugaluu zikafagia barabara, na leo vijana wamerudi kwenye kubana, wanataka modo. Wazee bado wanaleta vitambaa vya Kaunda suti. Nguo hiyo huonekana rahisi, lakini haina shati wala tai ya kuficha kasoro shingoni: kola ikikaa vibaya, imekaa vibaya mbele ya watu wote.

Mpinzani wa fundi kwa bei ni mtumba. Machi 2016, kwenye mkutano wao Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, wakuu wa Jumuiya walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya biashara ya AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Fundi yeye hakungoja maazimio. Koti linalonunuliwa sokoni asubuhi huletwa kwake mchana lipunguzwe, na kulipunguza ni kulifumua. Ndani anaona jinsi fundi wa nchi ya mbali alivyosimamisha kifua, kwa sindano au kwa gundi. Kwa mwenye macho, mtumba umekuwa darasa lisilo na ada.

Lawama mafundi wanazo, na "njoo kesho" ya Desemba ni ya haki: wanapokea kazi nyingi kuliko mikono yao. Hata hivyo, kabla ya kulipa, geuza suruali ndani nje, maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tazama mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni kushuka makalioni. Nguo nyingi za kiwandani huacha hapo ukingo mwembamba tu. Fundi mzuri huacha inchi nzima au zaidi, imekunjwa na kupigwa pasi, hata mteja akiwa kijana mwembamba anayeoa Jumamosi. Akiba haiozi. Hajamwambia kijana kwamba ndoa itamnenepesha, lakini ameshamfikiria akiwa na miaka arobaini, akiwa na watoto, akirudi na suruali ile ile mkononi huku ana haya kidogo. Hilo ndilo tunalolinunua kwa fundi na hatulipati dukani: mtu aliyetutazama vizuri kiasi cha kujua kwamba tutabadilika, akatuwekea nafasi bila kutuaibisha.