Riwaya Yenye Mnyama: Jinsi ya Kuijua Iliyo Bora

Sisi tuliokulia kwenye ngano tumezoea mnyama anayesema. Sungura ni mjanja, Fisi ni mlafi, na hakuna anayeuliza Fisi ananuka vipi wala Sungura analala wapi. Hata Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka 1967, tunaisoma kwa ajili ya watawala tunaowaona ndani ya wale nguruwe. Hiyo ni tashihisi, na ina ustadi wake. Lakini ipo aina nyingine ya riwaya, ambamo mbwa ni mbwa, na kinachosimuliwa ni kile kilichopo baina yake na binadamu anayeishi naye. Ukiipima kwa mizani ya ngano, utaipunja.

Wa kujifunzia hapa ni Sigrid Nunez, mwandishi wa New York aliyezaliwa 1951. Riwaya yake The Friend ilishinda Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2018. Mwanamke mmoja, mwandishi na mwalimu wa uandishi, anafiwa na rafiki yake wa miaka mingi aliyejiua. Mjane hamtaki mbwa wa marehemu, Apollo, na msimulizi anaombwa amchukue. Kisa ni hicho tu. Ubora umo katika namna kilivyoandikwa.

Anza na mwili

Tafuta mwili wa mnyama kabla ya kutafuta tabia yake. Apollo ni Great Dane mwenye kilo 80 hivi, umri umekwenda na viungo vinamuuma, naye ameletwa kwenye fleti ndogo ya Manhattan. Akipanda kitandani, kitanda kimekwisha. Usiku anamnusanusa mwenyeji wake, kisha anamwekea mguu kifuani. Nunez hatuambii kama huo ni upendo au ni mazoea tu. Anatuachia uzito wa ule mguu. Mwandishi dhaifu angekimbilia macho: macho ya huzuni, macho yanayoelewa kila kitu. Macho ni njia ya mkato, kwa sababu binadamu husoma humo chochote anachotaka. Mate, kucha na harufu havimwachii nafasi hiyo.

Uliza ni nani anayelipa

Mapenzi yasiyomgharimu mtu chochote ni pambo la kitabu. Jengo analoishi msimulizi haliruhusu mbwa, na kodi yake ni nafuu kwa kuwa inalindwa na sheria. Akifukuzwa, hapati tena nyumba kama hiyo mjini humo. Kila siku ambayo Apollo analala pale ni siku ya hatari. Mwishowe msimulizi anatafuta cheti kinachosema kwamba anamhitaji mbwa huyo kwa ajili ya afya yake ya akili. Ni ujanja wa makaratasi, lakini kadiri kurasa zinavyokwenda maneno ya cheti yanakuwa ya kweli. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambaye nyumbani kwao mbwa hapiti mlangoni na mate yake ni najisi, halazimiki kuanza kupenda mbwa ili hadithi imwingie. Kodi anaijua, mwenye nyumba anamjua, na uzito wa amana iliyoachwa na marehemu anaufahamu vizuri.

Sikiliza kimya

Msimulizi anamsomea Apollo vitabu kwa sauti, na mbwa anatulia. Anaelewa nini? Nunez hasemi. Msimulizi anakisia, anajicheka, anakisia tena. Katika kazi nzuri, unamaliza kitabu ukiwa unazijua nyendo zote za mnyama, na bado mawazo yake huyajui.

Kimya hicho si sheria kwa kila mtunzi. Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville aliandika Mémoires de porc-épic, riwaya iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2006, na humo nungunungu anausimulia mbuyu maisha yake yote. Hachukizi, kwa sababu yeye ni pacha wa kichawi wa binadamu fulani na amekuwa akiua kwa amri yake. Kanuni imewekwa mapema na inashikiliwa hadi mwisho. Nunez mwenyewe, katika What Are You Going Through ya 2020, anampa paka nafasi ya kusimulia maisha yake, kisha anaendelea na mambo mengine. Kasoro ni kumpa mnyama sauti ghafla kwa sababu mwandishi amekwama na anahitaji mtu wa kutufafanulia.

Tazama mnyama anavyotumiwa

Mwaka 1998 Nunez alitoa Mitz, riwaya fupi kuhusu tumbili mdogo wa jamii ya marmoseti aliyefugwa na waandishi Leonard na Virginia Woolf. Tumbili huyo alikuwapo kweli. Leonard, aliyekuwa Myahudi, alimpokea akiwa mgonjwa, akamuuguza, na tangu hapo akawa anatembea naye begani. Mwaka 1935 walipita kwa gari katika Ujerumani ya Hitler, na umati uliojipanga barabarani ukamshangilia tumbili badala ya kumchunguza mwenye bega. Tukio kama hilo lingemshawishi mtunzi mvivu amfanye Mitz shujaa. Nunez anamwacha tumbili akiwa tumbili asiyejua hatari wala siasa, na aibu inabaki kwa binadamu wanaoweza kumlainikia mnyama huku wakimchukia jirani.

Pima machozi

Kifo cha mnyama ndicho chambo rahisi kuliko vyote. Katika Disgrace ya J. M. Coetzee, iliyotoka 1999, David Lurie anasaidia kwenye kliniki ya Afrika Kusini inayowaua mbwa wasiotakiwa, na mwishoni anamtoa auawe mbwa kilema aliyemzoea. Hakuna hotuba wala kumbukumbu ya siku njema. Kuna kazi inayofanywa kwa mikono. Nunez naye anajua kwamba msomaji anaogopa mbwa atakufa, na anaitaja hofu hiyo waziwazi. Mtunzi anayekuheshimu hakuvizii kwa msiba.

Jaribio la kumaliza

Ukiwa na shaka na kitabu, chagua ukurasa ambao mnyama yupo, umwondoe, uweke mtoto au mgeni mahali pake. Ukurasa ukisimama vilevile, mnyama alikuwa pambo. Katika The Vulnerables, riwaya ya Nunez ya 2023, kasuku Eureka yuko karibu na kushindwa jaribio hili: ndiye sababu ya msimulizi kuishi katika nyumba ya watu wakati wa korona, kisha mazungumzo ya binadamu yanamfunika.

The Friend inajipima yenyewe. Sura ya kabla ya mwisho inaleta habari nyingine: pengine rafiki hakufa, na mbwa wake halisi ni mdogo wa miguu mifupi. Kwa kitabu dhaifu hapo ndipo mwisho wa safari, kwa kuwa msomaji angeona amedanganywa. Lakini sura inayofuata inamrudisha Apollo, mzee na mzito, nasi tunamwamini kama mwanzo. Ukikuta riwaya inayoweza kumkana mnyama wake kisha ukaendelea kumjali, inunue.