Kalamu Kabla ya Plaizi

Ukiingia msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, mwezi wa Novemba, usiku wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hubadilika. Vilimani na pembezoni mwa migomba huwashwa taa kali zinazoonekana toka mbali. Kando yake husimamishwa mabati, na chini ya mabati hukaa mapipa. Senene hufuata mwanga, hujigonga kwenye bati, huteleza na kutumbukia pipani. Zamani waliokotwa kwa mkono alfajiri, umande ukiwa bado majanini. Siku hizi wanaitwa kwa umeme, na umeme huo huvutwa kwa haraka, gizani, mara nyingi mvua ikinyesha. Hapo ndipo ninapomwona fundi wa kweli.

Jioni moja huko Muleba nilimtazama fundi mmoja wa namna hiyo. Mwenye mtego alikuwa na haraka, maana mawingu yalikuwa yameshajaa. Fundi akaketi juu ya kreti tupu la soda, akachomoa kalamu sikioni na kuanza kuandika nyuma ya boksi la taa.

"Mwanangu, senene hawatungoji," mzee akasema.

"Ni kweli, mzee wangu. Nipe dakika mbili tu, nisije nikakuunguzia shamba."

Aliandika hivi: taa tatu, kila moja wati 400, jumla wati 1,200. Akagawanya kwa volti 230, akapata ampea 5.2. Alijua kuwa taa za aina ile huwaka kupitia choki, na choki huvuta mkondo wa ziada. Kwa hiyo hakuiamini karatasi peke yake. Alipowasha, akabana waya mmoja kwa mita, ikasoma ampea 7. Waya aliochagua ulikuwa mnene wa kutosha kuubeba mkondo huo bila kupata moto.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulipuuza. Waya ule ulikuwa na kiungo cha msimu uliopita, kimesokotwa kwa vidole na kuviringishiwa selotepu. Akagusa pande mbili za kiungo kwa ncha za mita. Volti 3.5. Mwingine angeona ni kidogo, kwani 3.5 ni nini mbele ya 230? Yeye akarudi kwenye boksi. Volti 3.5 gawanya kwa ampea 7 ni omu 0.5, huo ndio ukinzani wa kiungo. Volti 3.5 mara ampea 7 ni wati 24.5, hilo ndilo joto linalozalishwa pale pale, mahali padogo kama kidole gumba, usiku kucha. Ni nguvu ya chuma cha kulehemu cha fundi redio. Na chuma hicho kilikuwa kimelazwa juu ya majani makavu ya mgomba.

Hesabu hii ina wazee wake. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyewahi kufundisha shule mjini Köln, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi volti, mkondo na ukinzani vinavyofungamana. Kwao hakikupokelewa kwa shangwe, na ni mwaka 1841 tu ndipo Royal Society ya London ilipomtunuku nishani ya Copley. Katika miaka hiyo hiyo Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kuwa joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Kagera imeishi ndani ya kanuni hiyo. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka Uganda, ukasafiri kutoka Masaka hadi Kyaka kwa volti 132,000. Volti zikipandishwa, nguvu ile ile husafiri kwa mkondo mdogo, na mkondo ukipungua mara 10, nguvu inayopotelea njiani kama joto hupungua mara 100. Mhandisi wa nguzo kubwa na fundi wa kreti la soda wanapiga hesabu moja.

Ndiyo maana naiheshimu kazi hii. Uzuri wa kiti cha seremala unauona, utamu wa mapishi unauonja. Kazi njema ya fundi umeme haionekani, kwa sababu matunda yake ni moto ambao haukuwaka na mtoto ambaye hakupigwa na shoti. Kinachobaki cha kuonekana ni tarakimu chache kwenye boksi. Basi wewe mwenye nyumba, mwenye mashine au mwenye mtego, fundi akiketi kuandika usimharakishe. Asipoandika, mwombe akuonyeshe hesabu yake. Nawe kijana unayejifunza ufundi huu, nunua mita yako kabla ya kununua plaizi ya pili.

Fundi yule alizima taa, akakata kiungo, akasafisha shaba mpaka ikang'aa, akaibana kwa skrubu ndani ya konekta. Akawasha tena na kupima. Volti 0.1 kwa ampea 7: wati 0.7. Senene walianza kuanguka muda mfupi baadaye, na mpaka kunapambazuka kiungo kile kilikuwa baridi.