Wiki Moja Muthaiga Haitoshi: Taaluma ya Mwanagofu Hujengwa Vipi?

Mwaka 1998, baada ya siku nne na mashimo 72 ya Kenya Open, Jacob Okello alikuwa sawa kwa mikwaju na Ricardo González wa Argentina. Wakarudi uwanjani kucheza mashimo ya ziada, na hapo González akatwaa kombe. Mashindano haya yalianza mwaka 1967, na hadi leo hakuna Mkenya aliyeyashinda.

Wengi husema Okello alikosa bahati tu. Mimi naona jibu hilo linatufunga macho. Mchezaji anayekwenda sare kwa mashimo 72 na mgeni aliyezoea mashindano ya Ulaya hana upungufu wa mkono. Upungufu uko kwingine, na ili tuuone ni lazima tufungue kazi yenyewe ya mwanagofu wa kulipwa, kiungo kwa kiungo.

Tuanze na nyasi, maana ndizo tunazozijua hapa katika wadi yetu ya Mwihoko. Nyasi za kikuyu zilipata jina kutokana na nyanda hizi zetu za juu. Kwetu ni malisho ya ng'ombe. Kwa mwanagofu ni mtihani. Uwanja wa Riviera mjini Los Angeles, ambako nyota wa PGA Tour wamehangaika nazo miaka mingi, umetandikwa nyasi hizo hizo.

Majani yake ni magumu, nazo nyasi zenyewe hutambaa kwa vikonyo vinavyosukana kama mkeka. Zikikatwa fupi, mpira hukaa juu yake vizuri kama ulioinuliwa kwa kigingi. Zikiachwa ndefu, mpira huzama. Hapo anayepiga kwa kufagia hupata hasara: nyasi hushika shingo ya fimbo, uso wa fimbo hujifunga, na mpira hukimbilia kushoto au hukwama palepale. Anayezijua husogeza mpira karibu na mguu wa kulia, hukaza mkono wa kushoto, hufungua uso wa fimbo kidogo, kisha huishusha kwa wima. Wala hajaribu kuubingirisha mpira kupitia nyasi, bali huurusha utue kwenye grini moja kwa moja. Kijana aliyekulia viwanja vya Ruiru na Thika ana somo hili mkononi tangu utotoni.

Kiungo cha pili ni hewa. Uwanja wa Muthaiga, Nairobi, ambako Kenya Open imechezwa mara nyingi, uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo mpira husafiri mbali zaidi, takriban asilimia 6 hadi 10. Chukua fimbo namba 7 inayopeleka mpira yadi 160 huku kwetu. Ipeleke Vipingo, Kilifi, kando ya bahari, na mpira ule ule utaishia kama yadi 148. Hizo yadi 12 ndizo tofauti kati ya kutua karibu na bendera na kutumbukia kwenye mchanga ulio mbele ya grini. Hesabu hii haibadilishwi kwa kusoma jedwali usiku mmoja. Mwili wenyewe lazima uizoee, na mwili huzoea kwa kucheza wiki baada ya wiki mahali pengine.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiungo cha tatu, ambacho kwangu ndicho kikuu: kalenda.

Severiano Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda The Open kule Uingereza. Ian Woosnam alishinda hapa mwaka 1986, kisha Masters mwaka 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000, na mwaka 2008 akavishwa koti la kijani la Masters akimwacha Tiger Woods kwa mikwaju mitatu. Tunapenda kuyataja majina haya kwa fahari, lakini tuangalie walifikaje hapa. Enzi za Ballesteros na Woosnam, Kenya Open ilikuwa kituo kimoja katika Safari Circuit, msururu uliowapitisha wachezaji kutoka Ulaya katika nchi kadhaa za Afrika wakati kwao ni baridi. Tangu mwaka 1991 ikawa sehemu ya Challenge Tour, ngazi ya pili ya Ulaya, ambako waliofanya vyema katika msimu mzima hupandishwa daraja. Kwa Immelman, ushindi wa Nairobi ulikuwa alama katika orodha ndefu, na mwisho wa msimu orodha hiyo ilimpandisha. González naye baadaye alishinda kwenye European Tour, ngazi ya kwanza ya Ulaya, ikiwemo Open de Sevilla mwaka 2004 na SAS Masters mwaka 2009.

Mgeni, basi, hucheza Nairobi akijua kuna wiki ijayo. Akikosea leo, atasahihisha kwingine. Mkenya amekuwa akicheza wiki hiyo kama fainali ya mwaka mzima, na mkono unaobeba mwaka mzima hutetemeka kwenye mkwaju wa futi nne.

Sheria za fedha nazo hazina huruma. Baada ya mashimo 36, wachezaji 65 bora na waliofungana nao ndio huendelea. Waliobaki hufunga virago bila senti ya zawadi. Nauli, malazi, viza na ujira wa kedi hulipwa vilevile. Bila mfadhili, kushindwa kupita mchujo mara tatu mfululizo kunatosha kumrudisha mtu nyumbani.

Habari njema ni kwamba tumeanza kujenga ngazi. Kenya Open ilipoingia European Tour mwaka 2019, kwenye uwanja wa Karen, ikiwa na zawadi ya yuro milioni 1.1, msururu wa hapa kwetu wa Safari Tour ulikuwa tayari ukiwapa wachezaji wetu mashindano mfululizo ya kuwania nafasi ya kucheza humo. Machi 2023 kijana Njoroge Kibugu alipita mchujo Muthaiga. Mwaka 2024 Sunshine Tour ya Afrika Kusini ikaleta msururu wake wa maendeleo hapa Afrika Mashariki. Huko ndiko kwenye dawa, kwa sababu ushindani wa mara kwa mara humfunza mchezaji kusahau shimo baya na kulala usingizi kabla ya raundi ya mwisho.

Mwihoko kwa Gikuyu maana yake ni tumaini. Tumaini la kijana wa wadi hii, anayeweza kufika Ruiru Sports Club kwa matatu, linahitaji tikiti za ndege zaidi ya linavyohitaji makofi ya wiki moja. Kampuni zinazoweka mabango kwenye Kenya Open kwa siku nne zichague wachezaji watatu tu na kuwalipia wiki kumi mfululizo ugenini, wapite mchujo wasipite, kisha wafanye hivyo tena mwaka unaofuata. Okello alituonyesha mwaka 1998 kwamba mkono upo. Waliosalia na deni ni sisi wenye kalenda na mfuko.